Tamu ya Sukari, Tamu ya Mwili

Kedowa,
Jumapili, mawingu yakishuka

Mpendwa Baba,

Natumaini karatasi hii itakukuta upande ule wa nyumba unaopata jua la asubuhi, umekaa kwenye kiti chako cha kamba, na Mama amekuletea uji kabla haujapoa. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua msimu wa baridi kimeniachilia. Goti lako je? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na kahawa imechanua, ama bado inawasubirisha? Muthoni hunipa habari za nyumbani kwa simu, lakini siku hizi ana haraka ya bibi harusi. Husema, "Sisi wote wazima," kisha hukata, nami hubaki na simu sikioni kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa katikati ya hodi.

Nimechagua karatasi kwa makusudi. Simu inataka kushikwa, na najua mkono wako wa kulia umekataa kutulia. Karatasi hulala mezani yenyewe. Kazi yako ni kuweka miwani tu. Nimeandika Kiswahili kama ulivyotuzoesha tangu nikiwa shule ya bweni, ulipokuwa ukinirudishia barua zangu zimejaa wino mwekundu: "Ngeli!" "Herufi kubwa!" "Neno hili umelitoa wapi?" Kama ile kalamu nyekundu bado unayo, iweke karibu. Ila humu ndani kuna Kiswahili cha Kedowa, na hicho nakuomba usikisahihishe, kwa sababu habari ninayotaka kukupa imebebwa na kosa moja la matamshi.

Kwanza niseme ninalolijua, tusije tukazungukana. Muthoni ameniambia hujaenda kanisani tangu mkono uanze kutetemeka na wembe ukuchane shavu. Umeacha ndevu ziote zinavyotaka. Kinyozi wa Othaya umemkataa, eti sauti ya mashine yake inakuingia kwenye meno. Mama alijaribu mara moja ukamwambia macho yake ni mabaya kuliko mkono wako. Na sasa umemwambia Baba Mdogo Gathogo kwamba yeye ndiye atakayemshika Muthoni mkono siku ya harusi na kumpeleka madhabahuni, kwa sababu mwalimu mzima hawezi kutembea mbele ya wanafunzi wake wa zamani akiwa na uso wa mbuzi mgonjwa. Muthoni amelia, Baba. Hatakuambia, kwa hiyo nakuambia mimi.

Nimeambiwa pia kwamba alipotaja jina langu ulisema, "Sikumsomesha Wangechi mpaka chuo kikuu ashike ndevu za watu, sembuse zangu."

Sikukasirika. Niliyachukua maneno hayo nikakaa nayo, kama unavyojua huwa nakaa na maneno. Nimekaa nayo siku nyingi, nikiyageuza huku nikipanga taulo. Mwishowe nikaona nikueleze kwa kirefu ninachofanya huku, ili ukikataa, uwe umekataa kitu unachokijua.

Duka la Mjomba Kariuki liko kando ya barabara kubwa, limebanana na kibanda cha chai cha Mama Chebet. Mbele ni malori ya kwenda Kisumu. Nyuma ni mahindi, na mbele zaidi, upande wa Kericho, chai. Ukitazama chai hiyo kutoka juu ya kilima asubuhi, imekatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Halafu ukungu hushuka, na kilima chote huonekana kimepakwa povu. Nadhani wazo lilianzia hapo, kwa kutazama. Mara nyingi mambo yangu huanza hivyo, nisijue yameanza.

Mwanzoni nilinyoa kwa mashine kama vinyozi wote. Mashine ni haraka na watu wanaiamini. Lakini nilikuwa nikifunga duka jioni bila kukumbuka uso hata mmoja. Vichwa vilipita chini ya mikono yangu kama magunia kwenye mizani. Ile sauti yake ilinifuata mpaka kitandani, na stima ilipopotea, na huku ikinyesha stima haikawii kupotea, tulikaa sote gizani, mimi na wateja, tukitazama mashine kama watu wanaosubiri mgonjwa azungumze.

Katika kimya cha namna hiyo ndipo nilipokukumbuka. Unakumbuka nilikuwa mshika kioo wako? Ulikuwa na bakuli la bati, brashi ya kishikio cha mti, na kile chombo cha chuma unachokizungusha kichwa kinafunguka, unaweka wembe, unakifunga. Ulisimama chini ya mparachichi, mimi nikisimama juu ya kigoda, kioo mikononi. Mikono yangu ilikuwa midogo, ikichoka upesi, na kioo kikitetemeka, kipande cha jua kilikuwa kikirukaruka ukutani mwa jiko kama kifaranga cha dhahabu. Mimi nilikitazama kifaranga badala ya kukutazama wewe. "Tuliza mkono, Wangechi," ulisema, nusu ya uso ikiwa nyeupe, "nitajikata pua bure." Sijawahi kuona mtu aliyetulia vile. Huko shuleni ulikuwa wa kila mtu; pale chini ya mti ulikuwa wako mwenyewe, na ulinikubalia nisimame mlangoni mwa utulivu huo nikiushika kwa mikono miwili.

Nilikitafuta chombo kama kile mpaka Kericho, nikakipata katika duka moja la zamani linalouza kufuli na misumari. Mwenye duka alilazimika kupanda ngazi na kupuliza vumbi. Nilipomwonyesha Mjomba, alicheka mpaka akakaa. "Watu wanaenda mbele, wewe unarudi kwa babu yako," akasema. "Sawa. Lakini ukimkata mtu wangu, mimi sikujui."

Nilijifunza kwa puto. Unalipuliza, unalipaka povu, unalinyoa. Ukikosea linakupasukia usoni. Lilipasuka mara nyingi hivi kwamba madereva wa malori walianza kuinama chini ya magari yao wakikagua matairi. Baadaye nilijifunza kwenye miguu yangu mwenyewe, samahani kwa kukutajia. Hapo ndipo nilipojua ule ubaridi unaobaki kwenye ngozi baada ya maji ya moto, jinsi unavyohisi upepo mahali ambapo hukujua kuna upepo. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma, miguu wazi, nikahisi dunia inanigusa kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Kuna kijana anaitwa Kiprono, anabeba mitungi ya maziwa kwa pikipiki. Alikuwa kwenye kiti changu asubuhi moja, nikimnyoa kwa mashine, stima ikapotea. Shavu moja lilikuwa limekwisha, jingine bado ni msitu.

"Madam," akasema akijitazama kwenye kioo, "mimi niko na mkutano ya wazazi. Mwalimu ataniona hivi nusu nusu?"

"Kuna njia nyingine," nikamwambia. "Ila ni ya wembe."

"Wembe ya nani?" Akaruka karibu aangushe kiti. Unajua watu wanavyoogopa wembe uliotumika, na wana haki.

"Mpya. Utaufungua wewe mwenyewe kwenye karatasi yake, na nikimaliza utauona ukiingia kwenye kopo."

Akaufungua kwa makini kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Nikachemsha maji kwenye jiko la makaa, nikaloweka taulo, nikapiga povu. Vijana waliokuwa nje wakaja kujaa mlangoni. Nikaanza. Shavu likaenda vizuri. Chini ya taya pakawa pagumu, nikavuta ngozi kidogo, nikashuka.

"Iko tamu," akasema Kiprono.

Baba, moyo wangu ulichanua. Mteja wangu wa kwanza wa wembe! "Asante sana," nikamwambia, nikashuka tena.

"Madam. Iko tamu."

"Nimefurahi. Tulia nimalizie hapa."

"Wewe! Iko tamu, inashuka kwa shati!"

Mama Chebet alikuwa ameingia na birika lake la chai. Akapiga yowe. "Woi! Wewe msichana, unachinja mtu na unasema asante? Anakuambia ni tamu!"

"Ndiyo, nimesikia ni tamu..."

"Si tamu ya sukari! Tamu ya mwili!"

Ndipo nilipoona taulo. Ulimi wa wenyeji wa huku hautenganishi d na t. Damu na tamu kwao hutoka mdomoni zikiwa zimevaa nguo moja. Kwa kweli alikatika kidogo tu, lakini taya ni mahali penye damu ya kujionyesha. Nikambandika jiwe la shabu, lile jeupe linalouma na kukausha damu, naye akaruka na kutoa neno ambalo sitaliandika. Kisha akajitazama kwenye kioo. Akajipapasa shavu moja, akajipapasa jingine. Akapapasa tena.

"Lakini Madam," akasema taratibu, "hii upande nyingine, hii ni tamu ya sukari."

Mlangoni watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kufikia jioni Kedowa nzima ilikuwa nayo. Hadi leo wakipita wananipigia kelele kutoka juu ya pikipiki: "Madam, leo unauza gani? Ya sukari ama ya mwili?" Nami nimeifanya kuwa sheria ya duka. Mteja wa wembe akisema tamu, nainua mkono mara moja na kuuliza: ya sukari ama ya mwili? Ananijibu, ndipo naendelea.

Sitaki ufikiri nakuficha gharama. Kila uso unataka wembe wake mpya. Makaa yanataka pesa. Sabuni nzuri ya kunyolea inatoka mbali, na ile ya kufulia, ambayo Mjomba alinishauri, iliwaacha watu na vipele kama uji wa mtama. Lakini hayo ni madogo. Gharama yenyewe ni wakati. Jirani yangu wa mashine anamaliza vichwa vingi mimi nikiwa bado napiga povu. "Wewe unanyoa kama mtu anayeandika barua," Mjomba ananilaumu. Wengine walikaa kwenye benchi, wakachoka, wakaenda na hawajarudi. Na gharama nyingine ni kwamba huwezi kuwa mahali pengine. Kwa mashine niliweza kunyoa huku nikiwaza kazi za ualimu nilizoomba na kutojibiwa. Kwa wembe, ukiwaza hilo kwa muda wa kupepesa jicho, tayari ni tamu ya mwili.

Lakini hiyo gharama, Baba, ndiyo raha yenyewe. Akili yangu unaijua. Ulikuwa ukisema ni kama mbuzi asiyefungwa. Basi nikiwa na wembe mkononi, inakaa. Nimejifunza kwamba kila uso una upepo wake: ndevu za shavuni hulala kuelekea chini, za shingoni hulala upande, na kwa wengine kuna mahali chini ya sikio ambapo huzunguka kama maji yakiingia shimoni. Lazima utafute kwa kidole kabla hujaweka chuma, uende zilikolala, usizipinge. Povu lina sauti yake, ndogo, kama mtu anayekanyaga majani mabichi. Na watu wakiwekewa taulo la moto usoni, kitu huwatoka. Madereva wenye kelele hunyamaza. Mabega hushuka. Kuna mfanyabiashara mmoja mkali wa mahindi ambaye kila mara hulala, na akilala ana uso wa mtoto wa darasa la pili. Nakaa pale nimeushika uso huo mikononi, nje malori yanapita, na naona kana kwamba duka zima limeinuka kidogo kutoka ardhini na linaelea kwenye ukungu.

Sasa nikuambie habari za Mzee arap Langat, kisha nitamaliza.

Huyu ni mzee wa hapa, ana chai kidogo na ng'ombe wachache ambao wanawe wanamtunzia. Alikuwa akija karibu kila siku kukaa kwenye benchi langu la nje, fimbo katikati ya magoti, akinywa chai ya Mama Chebet. Mama Chebet humuuliza, "Anyiny?" yaani, ni tamu? Naye huitikia kwa kichwa. Hakuwahi kuja kunyolewa. Zamani alikuwa aking'oa ndevu zake kwa kibano kidogo anachokibeba mfukoni, lakini macho yamefifia, na ndevu zilikuwa zimemshinda, nyeupe, za huku na huku. Nilimkaribisha ndani mara kadhaa, akakataa.

"Wembe na maji ni ya matanga," aliniambia siku moja bila kunitazama. "Sisi hapa, mtu akikufa, nyumba yake yote inanyolewa kichwa. Ndiyo kulia inaisha. Hiyo ndiyo kazi ya wembe. Wewe unafanya nayo mchezo."

Niliingia ndani. Mama Chebet ndiye aliyenieleza kwamba mkewe alifariki wakati yeye mwenyewe alikuwa amelazwa Kericho, mguu umevunjika. Watoto walinyolewa, ndugu wakanyolewa, na aliporudi nyumbani na magongo, nywele za wote zilikuwa zimeanza kumea. Matanga yalikuwa yamekwisha. Yeye peke yake alikuwa bado hajamaliza, na hakuna aliyejua namna ya kuyarudia kwa ajili ya mtu mmoja. Kumbe alikuwa akikaa pale benchini kila siku akitazama wembe ukifanya kazi, kama mtu anayetazama gari lililomwacha likirudi na kupita tena.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekusanyika juu ya vilima vya chai, nyeusi kabisa. Hakukuwa na mteja. Nilimwona amesimama kwenye kizingiti, kofia mkononi.

"Mtoto yangu," akasema. "Wewe si mtu ya nyumba yangu."

"Si mtu wa nyumba yako, Mzee."

"Watoto yangu wakishika wembe watalia, halafu mimi nitalia, halafu tutanyoa saa ngapi? Wewe hutalia. Nyoa. Kichwa na kitefu, yote." Akajishika kidevu.

Baba, ulipinga nije upande huu. Hukunipa sababu, lakini nakumbuka sauti yako ilivyoshuka, kama inavyoshuka sauti ya kila mtu wa umri wako kwetu akitaja Bonde la Ufa na watu wetu waliofukuzwa huku. Basi nilisimama pale na wembe mkononi mbele ya mzee wa Kipsigis aliyekuwa karibu kunipa shingo yake, na sauti yako ikanijia, na mdomo wangu ukasema kabla sijauzuia: "Mzee, unajua mimi ni wa wapi?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Najua sana. Unafikiri nilikuwa nakaa hapo nje siku hizo zote kuangalia malori?"

Akaketi, akafunga macho.

Mvua ilianza nikiwa nampaka povu, na juu ya mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba hatungeweza kusemezana hata tukitaka. Nilianza na kichwa. Nywele zilianguka kwenye taulo bila sauti, nyeupe kwenye nyeupe. Kisha uso. Kisha nikamwinua kidevu kwa vidole viwili, na ngozi ya shingo ikanyooka, na chini ya kidole gumba nikahisi mshipa wake ukipiga, polepole, bila wasiwasi wowote. Sijui nilikaa hapo muda gani. Nilihisi kwamba sikuwa Kedowa, wala Othaya, wala mahali popote penye jina. Nilikuwa mahali ambapo mtu mmoja amemwamini mwingine na hakuna zaidi. Nilikwenda ndevu zilikolala. Sikuzipinga hata moja.

Mvua ikapungua ghafla, kama zinavyofanya za huku. Na katika ule ukimya uliobaki, akiwa bado amefumba macho, akasema:

"Tamu."

Niliinua mkono. Nikatazama chini ya sikio, kwenye taya, kwenye mkunjo wa shingo. Nikapitisha taulo nyeupe na kuligeuza kwenye mwanga wa mlango. Nikatafuta damu kila mahali, Baba, wala sikuiona.

"Mzee," nikauliza, "ya sukari ama ya mwili?"

Machozi yalikuwa yametoka pembeni mwa macho yake na kuingia kwenye povu, yakichimba vijia vidogo. Nilidhani hakunisikia.

"Anyiny," akasema.

Alilisema kwa lugha ya mama yake, lugha ambayo ndani yake neno hilo halina pacha, ili nisikosee.

Nikamwosha, nikamkausha. Aliomba zile nywele, nikamfungia kwenye karatasi safi, akaziweka mfukoni mahali palipokuwa na kibano, akaenda zake kwenye matope akijipapasa kichwa. Kesho yake binti yake aliniletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, akakiweka mezani, akanishika mikono yote miwili. Siku hizi Mzee bado anakaja pale benchini, lakini sasa hutazama malori.

Sasa, Baba, weka kalamu nyekundu chini. Najua nimeandika "anakaja", na nimeiacha makusudi ili upate kitu cha kusahihisha.

Nakuomba ndevu zako. Siombi kwa sababu ya Kanisa wala kwa sababu ya watu wa Othaya. Naomba kwa sababu Muthoni anataka mkono wako, huo huo unaotetemeka, na amesema ukitetemeka ndani ya mkono wake hakuna atakayejua ni wa nani kati yenu unaotetemeka. Bibi harusi ana ruhusa. Na naomba kwa sababu yangu. Ulisema hukunisomesha nishike ndevu za watu. Ni kweli. Lakini fikiria kama masomo yangu hayakuanzia pale kwenye kigoda, nikijifunza kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya makali bila haraka na bila hofu. Hiyo hawakunifundisha chuo kikuu. Hiyo nilikuta ninayo.

Nitafika siku moja kabla ya harusi. Nitakuja na bakuli, brashi, na wembe mpya ambao utaufungua wewe, Mama akikusaidia karatasi. Asubuhi tutatoka chini ya mparachichi kabla wageni hawajaanza kupiga honi. Utakaa wewe kwenye kiti, kioo utakishika wewe. Ndiyo, wewe, kwa mkono huo huo. Kitetemeke kinavyotaka. Kifaranga cha dhahabu kitarukaruka ukutani mwa jiko, nawe utakitazama, kama nilivyokuwa nikikitazama mimi, na sitakuambia utulize mkono. Safari hii wembe utakuwa kwangu.

Wala usihofu kwamba nitakosa kukusikia. Wewe na watu wetu wote mna ugonjwa wenu wa ulimi. Miaka yote ya ualimu na wino wote ule mwekundu havikuiondoa ile n mnayoitanguliza mbele ya d. Ukisema "ndamu" nitaacha mara moja. Ukisema tamu, nitajua ni tamu.

Msalimie Mama, umwambie taulo mbili nyeupe zile za wageni nazitaka, na sitazichafua. Msalimie Cucu, mama yako, ambaye Muthoni anasema bado anauliza kama huku Kericho ninalala na gumbuti miguuni, tayari kukimbia usiku. Msalimie Baba Mdogo Gathogo. Mwambie ang'arishe viatu kama kawaida, lakini vitakuwa vya kukalia benchi la mbele. Mwambie bibi harusi wetu asilie tena mpaka siku yenyewe.

Jibu lisikusumbue kuandika. Kama umekubali, shusha kile kioo kutoka kabatini mkifute vumbi. Muthoni ataniambia kwa simu kwamba kimeshushwa, hata kama atakata mara tu baada ya hapo.

Ni mimi, mshika kioo wako,

Wangechi